Mkaango wa Chapuchapu

Kiharusi kilipompata Bi Mwanawema kilichukua mkono wake wa kushoto na mguu wake wa kushoto, lakini ulimi kikauacha, na watu wa kijiji chao cha Vitongoji wakasema hata maradhi yanajua pa kuogopa. Alikuwa mwanamke wa maneno tangu ujana wake. Alipolala kitandani maneno yakazidi, kwa kuwa kazi nyengine hakuwa nayo.

Daktari alimwita Nadhira, binti mkubwa, akamwambia mambo mawili. Dawa za presha zisikose. Na chumvi mama asiione tena.

"Nipunguze kiasi gani?" Nadhira aliuliza.

"Usipunguze," daktari akasema. "Acha."

Nadhira aliyashika maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa amana. Wakati huo alikuwa ameolewa Pujini na bwana mmoja jina lake Hamdan, mkulima, mtu mpole ila subira yake fupi. Alikuja kwa mama yake kuuguza wiki moja, wiki ikazaa nyengine, na siku moja Hamdan akaja Vitongoji akakaa barazani akauliza, bila ya ugomvi, kama mkewe anarudi au harudi.

"Nikimwacha, nani atamgeuza?" Nadhira akajibu.

Hamdan akanywa maji aliyoletewa, akaaga vizuri, akaondoka. Talaka ilikuja baada ya mavuno, na mke mpya akaingia kabla ya mvua za vuli. Hakuna aliyemlaumu Hamdan. Nadhira mwenyewe hakumlaumu, alisikitika tu kwamba vyombo vyake vya kupikia, alivyovikusanya tangu uchumba, alivikuta vimefungwa ndani ya shuka na kuwekwa mlangoni, na sufuria moja kubwa haimo.

Basi akabaki na mama yake. Kupika bila ya chumvi ni kazi inayomtaka mtu akili, na Nadhira aliitumia akili yake yote. Samaki alimlaza kwenye ndimu na tangawizi. Mchuzi aliutia embe bichi mpaka ukawa mkali wa kukunja uso. Alitwanga pilipili manga, bizari na thomu, akakuna nazi mwenyewe, tui akalikamua la kwanza na la pili, na kila siku alikuja chumbani na sahani na matumaini, akamwegemeza mama yake kwenye mito, akamlisha.

Bi Mwanawema alikuwa akitafuna mara moja, akifumba macho.

"Nadhira."

"Labeka, mama."

"Wanipikia mie, au wamwosha maiti?"

"Daktari kakataza chumvi, mama."

"Daktari anakula nini kwake?"

Nadhira alimfuta mama yake kidevu, akangoja, akanyanyua tonge jengine. Wageni waliokuja kumtazama mgonjwa walisikia yote, kwa sababu Bi Mwanawema hakusema kwa kunong'ona. Aliwaambia kwamba mwanawe ana mkono mzito. Aliwaambia kwamba kama angekuwapo Ummkulthum, asingelala na njaa.

Ummkulthum ndiye binti mdogo. Alikuwa Maskati miaka mingi. Alikwenda kufanya kazi za ndani, kisha akapata kazi kwenye mkahawa wa vyakula vya Kichina na vya Kifilipino, akaanza kwa kuosha sahani na mwisho akashika karai mwenyewe. Kila Ijumaa alipiga simu ya video, na Bi Mwanawema akaibusu simu mpaka kioo kikawa na ukungu. Nadhira ndiye aliyekuwa akiishika hiyo simu mbele ya uso wa mama, mkono ukimuuma, yeye mwenyewe hayumo kwenye picha ila vidole.

Mwaka mmoja Kulthum akapata likizo, akaja. Alishuka kwenye gari na mabegi mawili makubwa, ananukia udi wa bei, amenenepa kidogo na amependeza. Akajitupa juu ya kitanda cha mama yake, wakalia wote wawili. Nadhira alisimama mlangoni na mtungi wa maji. Naye alilia kidogo, kwani alimpenda kweli mdogo wake. Alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Mchana wa siku ya pili Kulthum akamwona mama yake analishwa. Akachukua kijiko, akaonja. Akatema kwenye kiganja.

"Da Nadhira! Hichi chakula au adhabu?"

"Hakina chumvi. Presha hiyo."

"Hata ladha hakina! Masikini mamangu." Akainuka akafungua begi. Ndani ya nguo alitoa karai jeusi lenye mkono mrefu mmoja, zito, limeungua kwa kazi, na chupa zimefungwa kwa mataulo: sosi ya soya, sosi ya chaza, mafuta ya ufuta. "Kesho napika mimi. Nitafutie kamba na ngisi, wabichi kabisa, na mboga nitakazokwambia."

Asubuhi Nadhira akamngojea Pandu, muuza samaki anayepita na pikipiki na tenga lake nyuma. Pandu alikuwa na ngisi waliovuliwa alfajiri, bado wana rangi, na kamba wa wastani. Nadhira akachukua vyote viwili. Sokoni mjini Chake akanunua karoti, pilipili boga nyekundu na ya kijani, maharage machanga, kabichi na vitunguu majani. Akarudi, akakuta Kulthum amekwisha funga kitambaa kichwani na kulitoa jiko la gesi uani ili kila mtu aone.

Na kwa kweli ilikuwa kazi ya kutazamwa. Bi Mize, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na kigoda chake. Kulthum alikata ngisi akampasua, akamchora upande wa ndani kwa ncha ya kisu mistari ya kukatana, ili akipata moto ajikunje kama ua. Kamba alimenya akawaacha mikia. Vyote akavifuta kwa kitambaa mpaka vikakauka.

"Maji ndiyo adui," alisema. "Ukitia kitu kibichi chenye maji, karai linapoa, chakula kinachemka badala ya kukaangika. Da Nadhira, hizo karoti kata mshazari, nyembamba. Zote sawa, ziive pamoja."

Nadhira akakata. Kwa mazoea ya miaka alikata vizuri, lakini hakuna aliyetazama upande huo.

Wali ulikuwa bado unaiva chini ya mfuniko wakati Kulthum alipowasha gesi kwa nguvu zote. Aliliacha karai tupu lipate moto mpaka likaanza kufuka. Akatia mafuta, akatia kamba, wakalia shaa! na kugeuka rangi hapo hapo. Akawatoa kabla hawajakakamaa. Akatia ngisi, akajikunja, akamtoa. Akatia thomu na tangawizi, na harufu ikaruka ukuta. Kisha karoti na maharage, kisha pilipili boga, kabichi mwisho kabisa, na muda wote mkono wake haukutulia, anarusha, anapindua, moto unalamba ukingo wa karai na Bi Mize anasema, "Subhanallah, yakhe, utaunguza nyumba!" Akavirudisha kamba na ngisi. Akashika chupa nyeusi akamimina, akashika ya pili akamimina, akadondoshea mafuta ya ufuta, akanyunyiza vitunguu majani, akazima.

"Tayari," alisema, anacheka, jasho linamtiririka. "Chapuchapu!"

Nadhira alikuwa ameiokota ile chupa nyeusi. Alidondosha tone moja kwenye kidole, akaweka kwenye ulimi. Ulimi wake, ambao nao ulikuwa umeacha chumvi kwa kumfuata mgonjwa, ulishtuka kama uliochomwa.

"Kulthum, hii ni chumvi tupu."

"Si chumvi. Ni soya. Maharage hayo."

"Nimeonja. Chumvi. Mama haruhusiwi."

Kulthum akamtazama dada yake, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeelewa jambo. "Da Nadhira, usinune. Kila mtu na mkono wake."

Bi Mize akaangalia chini. Nadhira akahisi uso wake mwenyewe unapata moto. Akairudisha chupa mezani bila kusema zaidi.

Bi Mwanawema alikula. Alikula sahani nzima na akataka nyengine. Machozi yalimtoka akitafuna, na kwa mkono wake mzima akamshika Kulthum akamvutia kifuani. "Weye ndo mwanangu," alisema. "Weye ndo ulonizalia furaha. Kumbe sijafa! Mize, sijafa mie, nilikuwa na njaa tu." Nadhira alikuwa upande wa pili wa kitanda na kitambaa cha kufutia kidevu. Mchuzi mweusi ulitiririka mdomoni kwa mama yake, naye akaufuta.

Muda wote wa likizo ile nyumba ilikuwa ya harusi. Jamaa walikuja, wakaonja, wakasifu. Watu wakaliita lile pishi chapuchapu, na wanawake wa Vitongoji wakaanza kuulizana wapi sosi ile inapatikana. Bi Mwanawema alipata rangi, akaanza kukaa barazani. Nadhira alipompeleka kupimwa, muuguzi alitikisa kichwa: presha imepanda. Alipomwambia Kulthum, Kulthum alisema, "Ni furaha hiyo. Mtu akifurahi damu inakimbia. Mtazame alivyochangamka!" Na kweli alikuwa amechangamka. Siku aliyoondoka, Kulthum aliliacha karai na chupa zote kabatini. "Umpikie mama," alimwambia dada yake wakiagana, akamkumbatia. "Usimtie njaa tena. Tafadhali."

Nadhira akazisukuma chupa nyuma ya kabati, akarudi kwenye ndimu na embe lake bichi. Bi Mwanawema akafunga mdomo.

Hakula mchana, hakula usiku. Asubuhi alikunywa chai kavu tu. Nadhira alibembeleza, alilia, alimpikia boko boko la ngano na kuku lililolainika kama maziwa. Mama aligeuza uso ukutani. Ndipo akaitwa Mjomba Khatib, mdogo wake Bi Mwanawema, mzee wa msikiti, mtu ambaye neno lake katika ukoo lilikuwa la mwisho. Akaja na fimbo yake, akaketi kitandani, akamsikiliza dada yake kwa muda mrefu, kisha akatoka uani alikokuwa Nadhira.

"Mama'ko asema ana njaa."

"Chakula kipo, Mjomba. Hakitaki. Ataka ile sosi, na ile sosi ina chumvi, na daktari kakataza kabisa."

"Daktari kasema. Mama'ko kasemaje?"

Nadhira akaitazama sahani ya boko boko iliyorudi imejaa.

"Uhai wa mtu hauko kwenye chupa," Mjomba Khatib akasema, si kwa ukali. "Una Mwenyewe. Lakini radhi ya mama, hiyo iko mikononi mwako hivi sasa. Akifa na njaa ndani ya nyumba yenye jiko, utamwambia nini Mola wako? Mpikie anachokitaka."

Kwa hiyo Nadhira akalitoa karai. Mara ya kwanza alitia sosi tone, akazidisha maji na ndimu. Mama alionja, akasema, "Hii yako," akasukuma sahani. Mara ya pili alitia ukwaju na sukari guru ili rangi iwe nyeusi. Mama hakudanganyika. Mara ya tatu Nadhira alikuwa amechoka. Alikuwa amegeuza mgonjwa, amefua mashuka, mgongo unamuuma, na kamba wameanza kunuka kidogo kwa joto. Akawasha gesi, karai likafuka, akarusha kila kitu kwa mpango ule ule, tena kwa kasi kuliko Kulthum, kwa hasira, na mwisho akaishika chupa nyeusi na kuimimina kama Kulthum alivyoimimina.

Bi Mwanawema akatafuna. Akasita. Akamtazama binti yake.

"Nani kapika?"

"Mie, mama."

"Weye, Nadhira?"

"Mie."

Akatafuna tena, taratibu, mpaka akameza. "Mungu akupe kheri, mwanangu," alisema. "Leo umenilisha."

Tangu arudi kutoka Pujini, Nadhira hakuwa ameambiwa neno kama hilo. Alimlisha mpaka sahani ikaisha, akatoka nayo uani, akasimama pale kwenye jua na sahani tupu mkononi, na akacheka peke yake kama mwari. Jioni Bi Mize alipokuja, Nadhira alimsikia mama yake akisema chumbani, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikimtangaza kwa ubaya, "Nadhira wangu kajifunza! Kampita mdogo wake. Onja, Mize, onja," na Bi Mize akaonja akasifu, na siku ya pili akaja tena bila ya kuitwa, amechukua na bakuli.

Basi akaendelea kupika. Mara ya kwanza alipika kwa amri ya mjomba wake. Hilo lilikuwa kweli. Lakini siku zilizofuata hakuna aliyemwamrisha. Aliamka akimfikiria Pandu na ngisi wake. Alijifunza kuwatia kamba ute wa yai na unga kidogo wa mahindi ili walainike. Alitia bilinganya nyembamba, alitia mchicha, alitia nanasi, na kila siku alikaa ukingoni mwa kitanda akiutazama uso wa mama yake na kungojea lile neno, na neno likaja. Mama alimwita jina lake la utotoni. Mama alimuuliza, kwa mara ya kwanza, kama alikuwa anaumwa na mgongo. Zamani, mtu akimuuliza Nadhira kwa nini asiolewe tena, alisema hana nafasi. Sasa angesema hana haja.

Ilipofika siku ya kumpeleka mama kupimwa, kulikuwa na manyunyu. Nadhira alisema mvua. Siku nyengine walipokumbushwa, alisema gari hakuna. Na gari lilikuwapo. Alilisikia likipiga honi njiani, naye yuko jikoni anamenya thomu.

Bi Mwanawema alianguka mchana mmoja baada ya kula. Alikuwa katikati ya maneno. Alikuwa akimsimulia Nadhira habari ya harusi yake mwenyewe, jinsi mama mkwe alivyoficha sukari, na Nadhira alikuwa akicheka, na maneno yakaanza kukwama, yakawa silabi, yakawa pumzi. Jicho moja likageuka. Nadhira alimwita, akapiga ukelele, Bi Mize akaruka ua kuja, gari likapatikana. Lakini hospitali hawakuweza kumsaidia kitu. Alikata roho kabla ya Alasiri, na kabla ya Magharibi alikuwa amezikwa.

Kulthum alifika tanga linaendelea. Nyumba imejaa wanawake, mikeka imetandikwa chumba hadi ukumbini, juzuu zinasomwa, nje wanaume wamekaa. Aliingia akipiga kelele, akaanguka katikati ya wanawake, wakamshika. Alipopata nguvu aliinua kichwa akamtafuta dada yake kwa macho. Nadhira alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, mahali alipozoea.

"Nilimwacha mamangu mzima," Kulthum alisema. "Nilimwacha anakaa barazani, anakula, anacheka. Da Nadhira, umempa nini? Umemlisha nini mamangu?"

Wasomaji wakanyamaza. Mjomba Khatib alikuwa amefika mlangoni kumpa Kulthum mkono wa tanzia. Alisikia kila neno. Akaitazama fimbo yake. Bi Mize, aliyekula kwenye karai lile mara nyingi kuliko mtu yeyote asiyekuwa wa nyumba ile, alikuwa amekaa hapo hapo mkekani, juzuu iko mapajani, na akageuza ukurasa. Nadhira aliwangojea. Alingoja kwa muda ambao mtu anaweza kusafisha koo na kusema, "Mimi ndiye niliyemwambia ampikie." Mjomba Khatib akasema, "Yarabi tupe subira," akarudi kwa wanaume.

"Nilimpa alichokitaka," Nadhira akasema.

Akainuka akaenda uani kuosha sahani, kwa sababu zilikuwa nyingi na watu wanangojea kula.

Kulthum alimfuata huko baadaye, wanawake walipopungua. Alisimama nyuma yake. Alikuwa ameona karai limetundikwa ukutani na chupa, mbili zimekwisha, ya tatu iko nusu.

"Ulimpikia hii?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku ulipika wewe. Nami nikapika."

Kulthum akakaa chini, kwenye kigoda. Aliitazama ile chupa. "Mimi sikujua," alisema.

"Nilikwambia."

"Ulinambia. Nilidhani ni wivu, dada."

Nadhira alisuuza sahani, akaiweka juu ya nyengine. Angeweza kusema haukuwa wivu, na asingesema kweli. Wivu ulikuwapo, umekaa pamoja na amana, na siku ile yeye mwenyewe hakujua kipi kilichomfungua mdomo. Na angeweza kusema lile jambo jengine, kwamba honi ya gari aliisikia. Kwamba zile zilikuwa siku tamu kuliko zote alizopata kuishi tangu atoke Pujini, na kama mtu angemrudishia leo asubuhi moja katika hizo, Pandu akipita, mama akiita jina lake kutoka ndani, hakuwa na hakika kwamba angeiacha chupa kabatini.

"Ungenambia tena," Kulthum alisema, analia. "Ungenipigia simu. Ungenigombeza! Wewe ndiye mkubwa."

"Nipe hilo bakuli," Nadhira akasema.

Kulthum alimpa bakuli. Hawakusema zaidi siku ile, na siku zilizobakia walisema ya vyombo na ya wageni. Khitma ilipokwisha alirudi Maskati. Mlangoni alimbusu dada yake mkono kama inavyompasa mdogo, akasema, "Unisamehe," na Nadhira akasema, "Tusameheane," na wote wawili walijua kwamba lile neno la mkekani halikuondolewa mbele ya wale waliolisikia. Simu za Ijumaa ziliendelea kidogo. Walisalimiana, wakaulizana hali ya hewa ya huko na ya huku, mpaka Ijumaa moja simu haikulia, na Nadhira hakuipiga.

Kulthum alilisema mara moja tu. Lakini neno likisemwa kwenye tanga huondoka na kila aliyekuja. Lilikwenda Chake, likafika mpaka Pujini kwa Hamdan na mkewe. Watu hawakusema Nadhira kaua. Hakuna aliyekuwa na ubaya wa kiasi hicho. Walisema, masikini, kuuguza ni kazi, mtu anachoka. Walisema, Mungu anajua. Pandu alipopita asubuhi alipunguza mwendo mbele ya nyumba, akamwona Nadhira hakunyanyuka, akaongeza mwendo.

Ramadhani ikaingia. Nadhira hakuwa amezoea kupikia mtu mmoja. Alipika mbaazi za nazi na muhogo, na mbatata za kukaanga, akapakua sahani, akaifunika kwa kawa, akampelekea Bi Mize kabla ya adhana kama jirani anavyompelekea jirani. Bi Mize aliipokea kwa mikono miwili na dua ndefu. Asubuhi Nadhira alipopita nyuma ya ua kuchuma majani ya mchaichai, aliona kuku wa Bi Mize wamekusanyika chini ya mgomba, wanagombania, na zile mbaazi alizitambua, kwani ni yeye peke yake mtaani anayezitia iliki.

Mchana Bi Mize akairudisha sahani.

"Ilikuwa tamu, mwanangu," alisema. "Tumeikomba mpaka chini."

"Alhamdulillahi," Nadhira akasema.

Asipopeleka tena wangesema ana kinyongo. Basi alipeleka siku ya pili, na ya tatu, alipeleka mwezi mzima, samaki wa kupaka, ndizi mbichi, tambi za sukari, na hakupunguza nazi wala viungo, akipika kila kitu kama anayempikia mtu atakayekula. Bi Mize kila mara aliirudisha sahani imeoshwa vizuri, na kila mara alisema ilikuwa tamu.